Kilwa na Chingola: Nani Anajibu Mgodi Ukidhuru Watu

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Likasi utapita mageti ya viwanda vya shaba na kobalti, kimoja baada ya kingine. Simama mbele ya geti lolote usome. Bango lina jina moja. Karatasi ya mshahara ya mlinzi ina jina lingine, la kampuni ya ulinzi. Lori linaloingiza asidi lina jina la tatu ubavuni. Kibali cha kuchimba, kilichoandikishwa CAMI, ofisi inayotunza daftari la haki za madini, huenda kina jina la nne. Na mwenye hisa nyingi ni kampuni ya tano, iliyoandikishwa Hong Kong, Uswisi au kisiwa ambacho hakuna mtu wa kartie aliyewahi kukikanyaga.

Siku maji ya mtaro yanapogeuka rangi na samaki kuelea, jirani ana swali moja tu: nani anajibu? Na kila mmoja kati ya hao watano ana karatasi ya kuonyesha kwamba si yeye.

Novemba 2025 swali hilo liliingia mjini kwenyewe. Maji machafu kutoka eneo la kampuni ya CDM yalifurika mitaani Lubumbashi, na waziri wa madini akasimamisha shughuli za kampuni hiyo kwa miezi 3. Lakini kusimamisha kampuni ni jambo kati ya kampuni na serikali. Mtu ambaye kisima chake kiliingiwa na maji hayo halipwi kwa kusimamishwa huko peke yake. Yeye ana njia yake, ndefu zaidi, na makala hii inaifuata njia hiyo.

Kuta mbili

Kisheria sosiete, yaani kampuni, ni mtu. Ina jina, mali na madeni yake, inashtaki na inashtakiwa. Congo iliingia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara yenye nchi 17 za Afrika, Septemba 2012, na kampuni inayofunguliwa Lubumbashi inapata namba ya RCCM, daftari la biashara, kama vile mtoto anavyopata cheti cha kuzaliwa. Kuanzia hapo, mwenye hisa katika kampuni ya aina ya SA au SARL hadaiwi zaidi ya fedha alizoweka.

Kanuni hiyo yenyewe haina ubaya. Bila hiyo hakuna mwalimu wala muuguzi angethubutu kununua hisa, maana deni la kampuni lingemfuata hadi nyumbani. Shida inaanza pale mwenye hisa anapokuwa kampuni nyingine, kampuni mama, inayomiliki karibu hisa zote, inayochagua wakurugenzi, inayopanga bajeti ya bwawa la maji machafu, inayopokea faida, kisha siku ya maafa inasema: mimi ni mwenye hisa tu, kamuulizeni mtoto. Na mtoto, kampuni tanzu ya hapa, mara nyingine hana kitu: mitambo imekodiwa kutoka kwa ndugu yake, na akaunti ina madeni ya mama yake mwenyewe.

Huo ni ukuta wa kwanza. Wa pili umejengwa Geneva na New York. Mikataba ya haki za binadamu iliandikwa na mataifa ili kufunga mataifa. Anayetia saini ni serikali, anayeulizwa ni serikali. Kampuni inayouza kuliko bajeti nzima ya nchi inamochimba haimo kwenye orodha ya waliotia saini.

Ukuta huu wa pili ndio alioushika David Weissbrodt, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Akiwa mjumbe wa Kamati Ndogo ya Umoja wa Mataifa ya kuendeleza na kulinda haki za binadamu, aliongoza uandishi wa kanuni ambazo kamati hiyo ilizipitisha Agosti 2003. Kanuni zilikubali kwamba serikali ndiyo yenye wajibu wa kwanza. Zikaongeza jambo ambalo halijawahi kuandikwa waziwazi namna hiyo: kampuni nayo, ndani ya eneo la shughuli zake na ushawishi wake, ina wajibu wake yenyewe, na ikidhuru watu ilipe fidia. Vyama vya kimataifa vya waajiri na vya wafanyabiashara vilipinga kwa nguvu. Aprili 2004 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikatamka kwamba rasimu hiyo haina nguvu yoyote ya kisheria.

Miezi 6 baadaye ikaja Kilwa.

Kilwa: milango mitatu

Si Kilwa ya pwani ya Tanzania. Hii ni Kilwa ya wavuvi, kando ya Ziwa Mweru, upande wa Pweto. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Kesho yake jeshi la serikali likaurudisha mji, na katika kuurudisha likaua raia. Uchunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ulihesabu watu wasiopungua 73 waliouawa, wakiwemo waliokamatwa kwanza kisha wakapigwa risasi.

Kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo ulikuwepo mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, ukiendeshwa na Anvil Mining, kampuni yenye asili ya Australia na Canada. Ndege na magari ya kampuni vilibeba askari. Kampuni haikukana hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba jeshi ndilo lililovitwaa vyombo hivyo, na mwenye gari hawezi kumkatalia mwenye bunduki.

Sasa fuata njia waliyopita waathirika.

Mlango wa kwanza ulikuwa hapa hapa Lubumbashi, mahakama ya kijeshi. Kesi ilianza Desemba 2006. Askari walishtakiwa, na pamoja nao wafanyakazi 3 wa Anvil kwa kosa la kusaidia. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama iliwaachia wote kuhusu mauaji ya Kilwa, ikichukua kwamba watu walikufa katika mapigano. Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alieleza hadharani wasiwasi wake juu ya hukumu hiyo na juu ya raia kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Jambo la kushika hapa ni la kiufundi: mahakama ya jinai inamtafuta mtu aliyekusudia. Gari lililotolewa kwa mwanajeshi ni ushahidi wa gari. Kwamba aliyelitoa alijua litakwenda kufanya nini, hilo linahitaji barua, simu, daftari la safari, shahidi wa ndani. Vitu hivyo vinakaa ofisini kwa kampuni, si nyumbani kwa mjane wa Kilwa.

Mlango wa pili ulikuwa Montreal. Novemba 2010 chama kilichoundwa kwa niaba ya waathirika kiliomba ruhusa ya kufungua kesi ya pamoja katika mahakama za Quebec. Aprili 2011 jaji wa kwanza alisema kesi inaweza kuendelea. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ikafuta uamuzi huo, na sababu yake ni ya kusomwa mara mbili. Kampuni ilikuwa na ofisi Montreal, ndiyo. Lakini ofisi hiyo ilifunguliwa 2005, baada ya matukio, na haikuwa na mkono katika yaliyotendeka. Sheria ya Quebec haitazami tu kama mshtakiwa ana mlango mjini. Inataka mgogoro wenyewe uhusiane na kazi ya ofisi ile. Waathirika waliomba basi wapokelewe kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Mahakama ikajibu kwamba hawajathibitisha kuwa Congo na Australia zote hazipitiki. Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Canada ilikataa kusikiliza rufaa yao.

Mlango wa tatu ulikuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul. Hapa ndipo waathirika waliposikilizwa. Uamuzi uliotangazwa 2017 uliikuta Serikali ya Congo na hatia ya kuvunja Mkataba wa Afrika, ukaitaka ilipe waathirika 8 waliotajwa na familia zao dola milioni 2.5 na kuwafuatilia waliohusika, wakiwemo wafanyakazi wa kampuni. Ni uamuzi mzito. Lakini tazama nani ameamriwa kulipa. Serikali. Mkataba wa Afrika unafunga mataifa, na tume haina mtekelezaji wa hukumu wa kumtuma getini. Ule ukuta wa pili ulikuwa umesimama pale pale profesa alipouonyesha.

Chingola: watu 12 kati ya 2,001

Vuka mpaka wa Kasumbalesa, pita Chililabombwe, utafika Chingola. Watu wa Lubumbashi wanaujua mji huu. Lugha, ndoa na biashara zinavuka kila siku. Mgodi wake, Konkola Copper Mines, ulikuwa mali ya Vedanta, kampuni mama yenye makao London.

Novemba 2006 maji ya mgodi yenye asidi yaliingia mtoni, katika mto ambao watu wa Chingola walikuwa wakitumia maji yake. Watu 2,001 walikwenda mahakamani Zambia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Lusaka iliwapa ushindi wote, kwa maneno makali dhidi ya kampuni. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Zambia ilithibitisha kwamba kampuni ina makosa, lakini fidia ikaibakiza kwa watu 12 tu. Hao 12 ndio waliokuwa na vyeti vya daktari. Wengine 1,989 walikuwa wamekunywa maji yale yale, wakaumwa matumbo yale yale, na hawakuwa na karatasi.

Mimi naona katika habari yote ya kampuni na haki za binadamu hakuna hesabu inayofundisha kuliko hiyo.

Mwaka huo huo wa 2015 kundi lingine la wanavijiji, kuhusu uchafuzi ulioendelea, lilifungua kesi London. Majina yalikuwa 1,826, kila mtu kwa jina lake. Walishtaki kampuni mama na kampuni tanzu kwa pamoja. Vedanta ikaleta hoja ya ukuta wa kwanza: sisi ni wenye hisa, mgodi ni wa Zambia, kesi iende Zambia. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaikataa hoja hiyo.

Ilivyokataa ndiyo sehemu ya kujifunza. Mahakama haikubomoa ukuta. Haikusema kampuni mama inajibu kwa sababu ni mama. Ilisema: tuambieni mama alifanya nini. Kama aliuchukua uendeshaji, aliingilia, alisimamia, au alitoa ushauri uliofuatwa, basi naye mwenyewe, kwa matendo yake mwenyewe, anaweza kuwa na wajibu wa hadhari kwa jirani wa mgodi. Na ushahidi wa matendo hayo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka katika vijitabu vya Vedanta yenyewe, zile ripoti zenye picha nzuri, ambamo kampuni mama iliwaahidi wanahisa kwamba inasimamia mazingira na usalama katika migodi yake yote, na katika mkataba wa huduma kati ya mama na mtoto. Kampuni ikijisifu hadharani kwamba inasimamia, haiwezi kugeuka mahakamani ikasema haisimamii.

Juu ya swali la kwa nini London na si Lusaka, majaji walikubali kwamba Zambia ndiyo mahali pa kawaida pa kesi hiyo, wakairuhusu London kwa sababu moja: wanavijiji wale ni maskini mno, hakuna msaada wa kisheria unaotosha, na hakuna timu ya mawakili kule yenye fedha na uzoefu wa kubeba kesi ya ukubwa huo. Kwa Montreal ilitakiwa kuthibitisha kwamba njia ya nyumbani haipitiki, na waathirika wakashindwa. Kwa London walileta ushahidi wa njia yenyewe: gharama, idadi ya mawakili, kesi zilizokwama. Januari 2021 pande mbili zilitangaza kwamba zimepatana, bila kampuni kukiri kosa.

Hisani si deni

Baada ya rasimu ya Weissbrodt kuwekwa kando, mwaka 2005 Kofi Annan alimteua John Ruggie wa Chuo Kikuu cha Harvard kutafuta njia nyingine. Ruggie hakuwa mwanasheria; alikuwa msomi wa siasa ya kimataifa, na aliamua kutopigana na ule ukuta. Kanuni zake 31, zilizokubaliwa na Baraza la Haki za Binadamu Juni 2011 bila kupingwa, zinasema serikali ina wajibu wa kulinda, kampuni ina jukumu la kuheshimu, na aliyedhurika lazima apate njia ya kurudishiwa haki. Neno kwa kampuni lilichaguliwa kwa makusudi. Ni jukumu ambalo jamii inalitarajia, si sheria inayoweza kupelekwa mahakamani. Wengi waliokuwa na Weissbrodt waliona hapo wamepokonywa nyama wakaachiwa mfupa. Mimi nadhani mfupa huo umetumika vizuri kuliko walivyohofia, maana mahakama na mabunge yamekuja kuuazima.

Sehemu yenye faida zaidi ni kanuni ya 13, inayotofautisha njia tatu za kampuni kuhusika. Inasababisha: bwawa lake limevuja. Inachangia: imelazimisha mkandarasi amalize kazi kwa bei isiyowezekana, naye akamwaga taka mtoni. Inahusishwa: kiwanda cha betri huko mbali kinanunua kobalti iliyopita mikono sita, na mkono wa kwanza ni wa mtoto katika shimo la Kolwezi. Anayesababisha au kuchangia anatakiwa kuacha na kulipa. Anayehusishwa anatakiwa kutumia nguvu yake ya mnunuzi. Ukiandika malalamiko, chagua neno lako vizuri. Ukisema kiwanda cha simu "kimesababisha" shimo kuporomoka, wakili wake atafurahi.

Na hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu watu wa Haut-Katanga na Lualaba kila mwaka. Kampuni inajenga shule, inachimba kisima, inagawa magodoro hospitalini, halafu aliyepoteza shamba anaambiwa, "Lakini tumewajengea shule." Kuna fedha za aina nne, na hakuna hata moja inayofuta nyingine.

Ya kwanza ni mrabaha. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoza shaba asilimia 3.5 ya thamani yake, na kobalti, ikiwa imetangazwa madini ya mkakati, asilimia 10. Mgodi ukiuza shaba ya dola milioni 100, mrabaha ni milioni 3.5: nusu yake, milioni 1.75, inakwenda serikali kuu, robo, yaani 875,000, inakwenda jimbo, asilimia 15, yaani 525,000, inakwenda komini, sekta au shefferi ya mahali, na asilimia 10, yaani 350,000, inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Hii ni kodi ya mali ya nchi.

Ya pili ni mchango wa asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa mauzo hayo hayo ya milioni 100, ni dola 300,000. Hii ni lazima kwa sheria, na chombo kinachousimamia kina wajumbe wa jamii, kwa hiyo mkurugenzi anapokata utepe wa darasa lililojengwa kwa fedha hiyo, hatoi zawadi.

Ya tatu ni ahadi zilizo katika cahier des charges, mkataba ambao kampuni inatia saini na jamii: barabara ipi, zahanati ipi, lini. Waulize wajumbe wenu nakala. Mahali pengi ipo moja tu, na imefungiwa kwenye kabati ya mtu.

Ya nne ni fidia, na hii ni ya mtu, si ya kijiji. Kwa ardhi iliyochukuliwa, kifungu cha 281 kinataka kodi ya ardhi hiyo au thamani yake siku ilipochukuliwa, ikiongezwa nusu. Shamba la thamani ya dola 1,000 linalipwa 1,500. Anayekulipa 1,000 juu ya meza bado ana deni lako la 500, hata kama kijiji kizima kinasomea katika shule yake.

Kifungu ambacho wengi hawakijui

Marekebisho ya 2018 yaliingiza kifungu cha 285 bis. Kinasema mwenye haki ya madini anapaswa kulipa madhara ambayo shughuli zake zimewasababishia watu, mali na mazingira, hata kama hakuna uzembe wala kosa. Hawezi kuepuka ila athibitishe kwamba madhara yametoka kwingine, nje ya kazi yake ya madini.

Linganisha na kanuni ya zamani, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai, iliyobaki tangu 1888, ambapo aliyedhurika anapaswa kuonyesha kosa. Kuonyesha kosa maana yake ni kueleza kwa nini bwawa lilipasuka: unene wa ukuta, plastiki ya chini, nani hakukagua. Mkulima wa mahindi hawezi. Kwa 285 bis anaonyesha vitu viwili tu, madhara na uhusiano wake na mgodi, na mzigo unahamia upande wa pili.

Lakini kuna tundu. Kifungu kimeandikwa kwa mwenye haki ya madini. Viwanda kadhaa vinavyozunguka Lubumbashi havichimbi. Vinanunua mawe na kuyachakata kwa idhini ya usindikaji. Kwa hiyo swali la kwanza la wakili mzuri litakuwa: kiwanda hiki kina karatasi gani? Namba ya kibali inatafutwa CAMI, namba ya RCCM kwenye daftari la biashara. Kama ni kiwanda cha kusindika, kesi isisimame juu ya 285 bis peke yake. Ifungwe pia kwa kifungu cha 54 cha Katiba, kinachosema uchafuzi wowote unaotokana na shughuli za uchumi unadai fidia, kwa sheria ya mazingira ya Julai 2011, na kwa 258. Kesi yenye mguu mmoja inaanguka mapema.

Kabla ushahidi haujakauka

Maji machafu hupita. Mvua moja kubwa ya Januari inaosha mto, na mtaalamu anayefika wiki ya tatu anapima maji safi. Kwa hiyo siku ya kwanza ina thamani kuliko mwaka mzima wa mikutano.

Maji yachukuliwe sehemu tatu: juu ya bomba la kiwanda, pale bomba linapomwaga, na chini yake. Bila chupa ya juu, kampuni itasema mto ulikuwa hivyo tangu zamani, na Katanga, ambako mawe yenyewe yana shaba, hoja hiyo inasikilizwa. Chupa iwe ya plastiki mpya, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, ijazwe hadi juu, ifungwe. Ibandikwe karatasi: mahali, tarehe, saa, jina la aliyechukua, jina la shahidi. Iwekwe kwenye barafu na ifike maabara haraka, kwa sababu metali hushikamana na kuta za chupa maji yasipotiwa asidi kidogo. Kazi hiyo ni ya maabara, usiifanye mwenyewe. Kila anayeipokea chupa aandike jina na saa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, chupa inabaki maji tu.

Mwili nao ni ushahidi. Kobalti iliyoingia mwilini hutoka kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku chache. Timu ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, ilipima mkojo wa watu 351 wa Katanga na mwaka 2009 ikachapisha kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi kupita kiasi. Kazi ya namna hiyo inaonyesha hali ya eneo. Haimtaji mtu. Kwa kesi yako inatakiwa cheti chako, cha wiki ile ile, chenye jina lililoandikwa sawa na kwenye kadi ya mpiga kura. Kumbuka wale 12.

Shamba lihesabiwe kabla ya tingatinga: mita kwa mita, mwembe kwa mwembe, na picha ambayo ndani yake unaonekana mti na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au kichuguu. Watu waandikwe kwa majina. Kijiji hakina sahihi mahakamani. Ndiyo maana kesi ya London ilikuwa na majina 1,826. Na zile ripoti za kampuni mama kwenye intaneti, zihifadhiwe leo pamoja na tarehe, maana zinaweza kubadilishwa.

Kwa asiye na fedha za avoka, kila baro, chama cha mawakili, nchini inatakiwa kuwa na ofisi ya mashauri ya bure, na ya Haut-Katanga nayo ipo chini ya sheria hiyo. Wengi wanaishia hapo wakasahau gharama ya mwisho: ukishinda fidia, kuna ada inayohesabiwa kwa asilimia ya kiasi ulichoshinda, na bila kuilipa hukumu haitekelezwi kwa urahisi. Ipangwe mapema, au wakili aombe mapema hati ya kutojiweza.

Upande wa mnunuzi

Huko nje mambo yanakwenda mbele na kurudi. Ufaransa, baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kuporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100 Bangladesh mwaka 2013, ilitunga Machi 2017 sheria inayolazimisha kampuni zake kubwa kuchapisha mpango wa kuzuia madhara, hata kwa wasambazaji wao. Ujerumani ikafuata kuanzia Januari 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake 2024, kisha 2025 ukaanza kulisogeza mbele na kulipunguza. Marekani, familia za watoto waliokufa na kujeruhiwa katika mashimo ya kobalti zilizishtaki Apple, Tesla, Dell, Microsoft na Alphabet Desemba 2019. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema kununua kutoka katika mlolongo wa dunia nzima si sawa na kushiriki biashara na aliyetenda. Canada, baada ya kuifungia Kilwa, ilifungua mlango Februari 2020 kwa wafanyakazi wa Eritrea dhidi ya kampuni ya Nevsun, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kwa mtu wa Kasapa au Fungurume, sheria hizo zina faida moja ya karibu: barua iliyopokelewa na mnunuzi wa Ulaya inamnyima usemi wa "sikujua". Iwe fupi, iwe na tarehe, namba ya kibali cha mgodi, neno moja kati ya yale matatu ya kanuni ya 13, na nakala ya matokeo ya maabara.

Na lipo jambo la dakika tano linaloweza kuua yote haya. Siku chache baada ya maafa hufika gari lenye bahasha. Kila mtu anaitwa, anapewa fedha, anaonyeshwa pa kutia kidole. Karatasi ni ya Kifaransa, na mstari wake wa mwisho mara nyingi unasema aliyepokea hana tena dai lolote, la sasa wala la baadaye, dhidi ya kampuni na washirika wake. Neno "washirika" hapo linamfunika hata mama wa London. Fedha inaweza kupokelewa, njaa haingoji kesi. Lakini mwenye kusoma asome kwa sauti mbele ya wote, nakala ibaki kwa aliyepokea, na juu ya sahihi iandikwe kwa kalamu, kwa lugha anayoijua, fedha hii ni ya nini: "mahindi ya msimu huu, mita 50 kwa 40, si kisima, si matibabu". Wakikataa maneno hayo yasiandikwe, jina la aliyekataa na saa aliyokataa vinaandikwa kwenye daftari la shefu wa kartie.